Robo Tatu Mara Saba

Chumba cha nyuma, ghorofa ya kwanza,
Juu ya duka la viatu.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii si fupi. Hujambo? Kifua kimetulia? Mara ya mwisho uliniambia kikohozi kinakuamsha alfajiri, nami tangu siku hiyo kila nikisikia mtu anakohoa ngazini nakukumbuka. Wewe unapimia watu dawa dirishani kutwa nzima, sasa jipimie na wewe. Najua kinyozi hajinyoi, lakini angalau ajipitishie kitana.

Shemeji hajambo? Na wanangu mapacha, bado wanagombania kiti cha karibu na dirisha? Waambie mama yao mkubwa amesema wakae kwa zamu, na asiyetaka zamu akae sakafuni.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima. Sikio la kushoto limezidi kuwa zito, ukimwambia chai iko tayari hasikii, lakini ukimnong'oneza mtu habari zake chumba cha pili anazisikia zote. Mwanao anaendelea na kazi yake ya udereva, anatoka asubuhi anarudi jioni, na bado anaacha viatu katikati ya mlango.

Mimi ninalo goti. La kulia, lile la kukanyagia cherehani. Lilianza kwa kuuma ngazini, likaja kuuma kitandani, mwisho likavimba kama andazi. Daktari alilibonyeza, akaniuliza nafanya kazi gani, nilipomjibu akaweka kalamu chini. Akasema nikiendelea kukanyaga cherehani kutwa, mwakani nitakuja kwake kwa mkongojo. Alinikubalia kazi ya kusimama na kutembea taratibu, si ya kukanyaga.

Chiriku, nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje nikalia. Sijawahi kukuambia hili. Miaka yote nimejua kitu kimoja tu, kukaa mbele ya cherehani na kushona mapazia ya watu, na sasa goti linaniambia basi.

Katika karakana yetu iko kazi moja tu ya kusimama, nayo ni meza ya kukata. Mwenye meza ni yule mzee tunayemwita Milimita, nimewahi kukusimulia habari zake. Ukikosea upana wa uzi mmoja anakuita mezani, anakuonyesha, halafu hasemi neno mpaka uone haya mwenyewe. Mikono yake imeanza kutetemeka, na mwisho wa mwezi huu anakwenda kuishi kwa binti yake. Nikapiga moyo konde, nikamwendea bosi, nikamwomba meza.

Bosi wetu ni mwanamke wa maneno machache. Aliniangalia goti, akaniangalia usoni, akasema hana neno. Sharti lake ni moja. Mkataji hupokea oda, akapiga hesabu ya kitambaa kwenye karatasi, akaipeleka stoo, ndipo jora linapofunguliwa. Jora likishakatwa halirudi. Kwa hiyo angenipa oda moja ya mtihani siku ya Ijumaa ya wiki ya pili, niifanye mbele yake na mbele ya Milimita. Nikishindwa, atatafuta mkataji nje, na mimi itanibidi nirudi kwenye cherehani au nirudi nyumbani.

Nikaitikia kwa sauti kubwa kabisa, "Hakuna shida, bosi." Moyoni nilikuwa nimekwisha.

Wewe unajua kwa nini. Katika dunia hii ni wewe tu unayejua nusu ya sababu, na leo nataka nikupe nusu ya pili.

Unakumbuka mkataba wetu wa nyuma ya mlango wa jikoni? Wewe hesabu, mimi vyombo. Mimi nina miaka kumi na miwili, wewe kumi, na daftari langu la hesabu unalijaza wewe huku mimi nasugua masufuria yako. Ulikuwa unaandika haraka, ulimi nje. Ulipofika kwenye hesabu za sehemu ukajaribu kunieleza, nami nikakuambia niache, sufuria litakauka.

Siku moja mwalimu aliniita ubaoni. Nne mara mbili ya tano. Nikaona namba mbili zimekaa juu na chini, nikaona ni uonevu kuzidisha moja na kuiacha nyingine. Nikazidisha juu, nikazidisha chini, nikaandika nane ya ishirini. Mwalimu akacheka, darasa likacheka, akaniuliza daftari lile zuri linaandikwa na nani. Nikarudi kukaa, na muhula uliofuata sikwenda tena shule.

Nyumbani nilisema nataka kumsaidia Mama kushona, ili wewe usome. Hapo ndipo uongo ulipoanza, mdogo wangu. Kila mtu aliuamini. Majirani walinisifu. Siku ulipomaliza chuo ukasimama mbele ya watu wote ukasema umefika pale kwa sababu dada yako alijinyima shule kwa ajili yako. Ulilia, nikalia nawe, ukadhani tunalilia jambo moja. Mimi nilikuwa nalilia aibu. Sikujinyima chochote, Chiriku. Nilikimbia ubao. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imefika miaka arobaini.

Sasa utaelewa kwa nini usiku wa siku ile bosi aliponipa sharti nilishika simu nikupigie. Nilitaka nikuombe siku ya Ijumaa ukae karibu na simu yako, nikutumie oda kwa siri, unirudishie jibu. Mkataba wa zamani, nami sina hata vyombo vyako vya kuosha. Nilitazama jina lako pale kwenye simu mpaka mwanga wake ukazimika. Nikaona haya, nikaiweka chini. Nilijiambia safari hii nikianguka nianguke mwenyewe.

Utaniuliza nimewezaje kushona mapazia miaka yote hii bila hesabu hiyo. Ni rahisi. Mshonaji anapewa kitambaa kimeshakatwa. Na usiniambie nihesabu kwa sentimita, kwa sababu karakana yetu haina sentimita. Ubao wa kupimia uliopigiliwa ukingoni mwa meza una urefu wa mita moja, na mtu wa zamani aliuchora mistari ukagawika robo nne, basi. Oda zote bosi huziandika kwa robo, na stoo hutoa kwa robo. Mwenye kuleta sentimita pale atakuwa kama mtu aliyekwenda kisimani na kijiko.

Jumatatu nilimwomba Milimita anipe oda halisi nijaribu. Ilikuwa ndogo, mapazia sita ya madirisha ya zahanati, kila moja urefu wa robo tatu ya mita, pindo limeshaingia humo. Sita mara robo tatu. Nikaketi, nikaandika 6 × 3/4. Mkono ukafanya kile kile ulichofanya ubaoni. Sita mara tatu, kumi na nane. Sita mara nne, ishirini na nne. Nikaandika 18/24, nikaona ni namba kubwa, zinatosha mapazia sita, nikaenda stoo kifua mbele.

Mtunza stoo ni bwana mmoja mnene anayependa mzaha kuliko chakula. Akaitazama karatasi, akakuna kichwa, akapiga hesabu pembeni kwa kalamu yake. Halafu akaniuliza kwa sauti ya kusikika karakana nzima, "Mama, haya mapazia sita ni ya madirisha ya panya? Hii yako ni robo tatu tu. Pazia moja!"

Watu walicheka mpaka cherehani zikasimama. Nami nilicheka nao, ungeniona. Nilicheka kwa meno tu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tena.

Aliyenifuata hadi kwenye kona ya maji ni Mama Pasi. Huyu ndiye mpiga pasi wetu, mwanamke mrefu, mikono imejaa alama za moto, anaimba kutwa na hajui wimbo wowote mpaka mwisho. Hakunipa pole. Alinishika mkono akanipeleka kwenye meza yake, akasogeza pasi, akachomoa chini ya meza fungu la vipande virefu vyembamba, yale mabaki ya ukingoni yanayotupwa. Akavipima sita kwenye ubao, kila kimoja mita moja kamili.

Akakunja cha kwanza katikati, akakikunja tena katikati, akapitisha pasi. Kilipofunguka kilikuwa na mikunjo mitatu na vyumba vinne. Akanipa chaki akasema, "Pazia lako moja ni vyumba vingapi hapo?" Nikapaka chaki vyumba vitatu, cha nne nikakiacha cheupe. "Haya, fanya vyote sita."

Nikafanya vyote sita, nikavilaza mezani kimoja chini ya kingine. Akanituma nihesabu vyumba vyenye chaki. Kumi na nane. Akaniuliza ni vyumba gani hivyo, ni robo au ni kitu gani. Nikasema ni robo, si unaziona? Basi, akasema, una robo kumi na nane. Hiyo ishirini na nne umeitoa wapi?

Nikamwonyesha. Sita mara nne. Mdogo wangu, mwanamke yule alichukua mkasi akaushika juu ya kile kipande cha kwanza, akaniambia, "Ukizidisha ya chini, maana yake umechukua kila robo umeikata tena vipande sita. Nani kakutuma ukate? Mapazia yameongezeka. Robo imebaki robo."

Nilikitazama kile kitambaa kwa muda mrefu. Mkasi ulikuwa juu ya ile robo, nami nikaona kabisa jinsi ingechanikachanika kuwa vijitambaa vya kufutia miwani. Namba ya juu inasema unazo ngapi. Namba ya chini inasema ni za ukubwa gani. Ukiongeza mapazia huwi umepunguza ukubwa wa robo. Jambo lenyewe ni hilo tu! Miaka arobaini nimelikimbia jambo ambalo liko kwenye mabaki ya ukingoni.

Kisha tukazikata zile robo kumi na nane, tukazipanga upya kwenye ubao. Nne zinajaza mita moja, nne nyingine mita ya pili, ya tatu, ya nne, zikabaki mbili. Mita nne na nusu. Nilirudi stoo nikamwekea yule bwana karatasi mbele ya tumbo lake, akaisoma, akafungua jora bila mzaha.

Kuanzia siku hiyo kila wakati wa chakula cha mchana nilikaa kwa Mama Pasi na vipande vyangu. Tano mara robo tatu. Tisa mara thumuni tatu, ambapo unakunja mara moja zaidi na kipande kinakuwa na vyumba vinane. Siku ya tatu aliniondolea vitambaa akanipa penseli, nichore mistatili badala yake, niigawe, nitie kivuli. Nilichora nyuma ya karatasi za oda, nyuma ya risiti, hata kwenye ukuta wa jikoni hapa nyumbani, Mama akanigombeza kama mtoto.

Nilimuuliza Mama Pasi alisomea wapi. Akasema alifua na kukunja mashuka ya hoteli miaka kumi na minne, na ukikunja mashuka muda mrefu hivyo robo zinakuingia mwilini zenyewe.

Ijumaa ikafika. Bosi alinipa karatasi: mapazia kumi na moja ya bweni, kila moja robo tatu. Nikachora mistatili kumi na moja, kila mmoja vyumba vinne, vitatu vina kivuli. Bosi akauliza vile visanduku ni vya nini. Nikamjibu kwamba ndivyo ninavyoona.

Nikahesabu robo thelathini na tatu. Nikaona mkono wangu unataka kwenda chini kuizidisha ile nne, Chiriku, nakuapia niliuona. Nikaushika kwa mkono wa pili. Nikazungushia robo nne nne, nikapata mizunguko minane, ikabaki robo moja peke yake kwenye kona. Nikaandika mita nane na robo.

Milimita akachukua karatasi, akaenda stoo mwenyewe, akarudi na kitambaa. Akanipa mkasi nikate. Nilikata moja baada ya jingine, naye anayalaza. La kumi na moja lilipotoka, mezani hakukubaki hata cha kufungia kidole. Nilimtazama nikasubiri kosa. Akasema taratibu, bosi asisikie, "Mimi siku hizi ningechukua mita nane na nusu. Mkono wangu unakula kitambaa." Kisha akaangalia pembeni. Nilimwonea huruma mzee yule kuliko nilivyojifurahia mwenyewe, na kama ningeweza ningemwachia meza yake na mikono mipya juu.

Bosi amenipa meza. Miezi miwili ya majaribio kwanza, lakini amenipa. Mama Pasi aliimba mchana kutwa, na kama kawaida hakuna wimbo uliofika mwisho. Goti nalo limeanza kupungua uvimbe.

Jana nilimweleza Mama habari zote, pamoja na ile ya ubao wa darasani na ya kukimbia. Nilikaa upande wa sikio zima ili nisirudie. Akasema alijua tangu wakati ule. Daftari langu lilikuwa na mwandiko wako kila ukurasa, ningewezaje kumficha mtu aliyetufundisha sisi wote wawili kushika penseli? Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilikuwa nimeshaishika sindano, na nilipoishika nilitulia, basi akaniacha. Halafu akaomba chai.

Sasa umebaki wewe. Ukinikasirikia nitaelewa. Zile shukrani ulizonipa mbele ya watu nimezivaa miaka mingi kama gauni la kuazima, nazirudisha. Ulisoma kwa akili yako mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilikupenda na nilikukimbia kwa pamoja, kwa sababu kila nikikuona na kitabu nilisikia darasa linacheka.

Jambo la mwisho. Miaka mitatu iliyopita nilikutumia mapazia manne ya jikoni. Kila moja lilitakiwa robo tatu. Kitambaa cha kutosha ni mita tatu, leo naliona hilo nikiwa nimefumba macho, lakini mimi nilibahatisha nikachukua mbili na nusu, nikayagawa kwa kukadiria. Kila moja lilipungua nusu ya robo. Ukaniandikia kwamba ni mazuri mno na yamekaa vizuri kabisa. Nikaamini. Mwaka uliofuata ukatuma picha ya mapacha wakiwa mezani, na nyuma yao nikayaona mapazia yangu, chini yameungwa ukanda wa kitambaa chekundu ulioushona kwa mkono. Hukuwahi kusema. Hata hapo, mdogo wangu, uliimalizia hesabu yangu.

Ulisema nyumba mnayohamia ina madirisha madogo saba, na kila moja linataka robo tatu. Kifurushi kinakuja na huyu huyu mwenye kuleta barua. Saba mara robo tatu ni robo ishirini na moja, yaani mita tano na robo. Sikumuuliza mtu. Ndani ya bahasha nimekuwekea na kipande kimoja cha ukingoni chenye vyumba vinne, vitatu vina chaki, ukionyeshe mapacha wakifika darasa hilo. Chaki ikifutika njiani, watapaka wenyewe.

Msalimie sana shemeji, umwambie misumari ya mapazia aipigilie yeye, wewe na vumbi hampatani. Wabusu wanangu wawili. Mama anakusalimu, na anasema ule ndimu na ulale mapema. Mwanao anakuamkia shikamoo. Mama Pasi naye, ambaye hujamwona, anasema anakujua kwa mwandiko wa barua zako. Mungu akupe pumzi ya kutosha, na atukutanishe tukiwa tungali tunaweza kupanda ngazi.

Yatundike mapazia hayo, Chiriku. Ule ukanda mwekundu uliobaki usiutafute. Safari hii yanafika chini.

Wako akupendaye, aliyeosha vyombo vyako,

Dada.